Mimi sijui mpira, lakini ninacheza

Haya ni maneno ya fundi cherehani mmoja kutoka upande wa Nyunzu, aliyoyasema Kalemie mbele ya viongozi na familia zilizokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Tumeyaandika kama alivyoyasema. Jina lake na la kijiji chake tumeyaacha kwa ombi lake mwenyewe.

 

Niliombwa nije kusema nanyi juu ya michezo na amani. Nilimwuliza yule aliyeniita: "Kwa nini mimi? Wako vijana wanaojua mpira." Akanijibu: "Ndiyo maana tumekuita wewe." Nilikaa na jibu hilo njia nzima juu ya moto, kutoka kwetu mpaka hapa, na nafikiri sasa nimelielewa kidogo.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa kushona. Tangu nikiwa na miaka 14 nimekaa kwenye kiti, mguu juu ya cherehani. Wenzangu walipokuwa wanacheza jioni, mimi nilikuwa namaliza mashati ya watoto wa masomo. Watu hudhani fundi cherehani ana miguu yenye nguvu kwa sababu anakanyaga kutwa. Si kweli. Ana mguu unaojua njia moja tu, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Mwisho wa mwaka 2016 vita vya Batwa na Baluba vilifika kwetu. Hapa Kalemie hamtakosa mtu wa kuwasimulia. Chanzo chake kilikuwa cha siku nyingi: mashamba, kibarua cha malipo madogo, dharau ya kila siku. Halafu mishale na moto. Mimi ni Muluba. Nyumba yetu iliungua na cherehani yangu ndani yake. Mwaka 2017 tulikuwa huku, nje ya mji, katika kibanda cha miti na nyasi na bashe moja juu. Ninyi mnakijua kibanda hicho, sina haja ya kukieleza.

Mtu aliyezoea kazi, mikono ikikaa bure, usiku hana usingizi. Nilikuwa nalala nikihesabu vifungo vya mashati ambayo sikuyamaliza. Mchana nilikaa mlangoni nikiwatazama vijana wakicheza mpira wa masashe, ule wa kufunga kwa kamba. Ulikuwa unafumuka kila siku. Siku moja nikauomba. Nilichukua kona ya bashe iliyochanika, nikakata vipande, nikajaza matambara na masashe yale yale, nikashona kwa sindano ya mkono. Ulitoka mpira mzuri, wa duara kabisa. Vijana walifurahi sana. Nikawaambia: "Na mimi nitacheza."

Kukawa kimya. Nilikuwa na miaka 40, na hapa tumboni mnaona mwenyewe nilivyo. Mmoja akauliza kwa adabu: "Fundi, unacheza nafasi gani?" Nikajibu: "Yoyote." Basi hawakuwa na la kufanya, kwa sababu mpira ulikuwa wangu.

Mpira wa kwanza ulipita chini ya mguu wangu. Wa pili niliupiga kwa nguvu zangu zote, nikapiga hewa, nikaanguka chali. Kambi yote ilicheka. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga aliacha mchi akakaa chini kwa kucheka. Nikiwa pale chini natazama mbingu, niliona kwamba sijasikia watu wakicheka hivyo tangu tulipotoka nyumbani, na mimi pia nikaanza kucheka. Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Sisemi mpira ni dawa. Nasema nililala.

Tangu hapo sikukosa siku. Na nisiwadanganye, sikuwa bora. Mpaka leo nakimbia kwenda mahali mpira ulipokuwa, nikifika umeshaondoka. Kushoto na kulia navijua ninapokata kitambaa, lakini uwanjani vinanipotea. Nilifunga bao moja mwaka ule, liligonga goti langu likaingia, na kwa furaha nikajaribu kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba, yule golikipa wa Mazembe. Mnakumbuka mwaka 2010, Mazembe walipofika fainali ya klabu za dunia, ya kwanza kwa klabu ya Afrika? Kidiaba alikuwa anaruka hivyo juu ya majani laini. Mimi niliruka juu ya changarawe. Siku mbili nilikula nimesimama.

Mnacheka, vizuri. Lakini sikuja kuwachekesha tu. Nimekuja kuwaambia jambo nililolifanya.

Mwaka 2019 tulirudi kijijini. Batwa nao walikuwa wamerudi, ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika kumi. Tulikuwa tunasalimiana kwa mbali. Kamati ya amani ilikuwa imeundwa, wazee wa pande mbili walikaa pamoja chini ya mwembe wa shule, lakini vijana hawakukaa. Mimi na mzee mmoja wa Batwa tukasema tuanze mpira, Jumapili, saa kumi, kwenye kiwanja cha shule. Tulikataa jambo moja tangu mwanzo: pasiwe na ekipe ya Batwa na ekipe ya Baluba. Watu walipanga mstari mmoja, wakahesabu moja, mbili, moja, mbili. Moja wote huku, mbili wote kule. Ndivyo ukajikuta upande mmoja na mtu ambaye mwaka 2017 ungemkimbia.

Jumapili ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Ya tatu nilikuja na viatu. Vilikuwa viatu vya ngozi vya kazi, vyenye soli ngumu, nilivipata mjini na nilijivuna navyo. Karibu wote uwanjani walikuwa pekupeku. Hakuna aliyeniambia nivivue, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na mpira ulikuwa bado wangu.

Kulikuwa na kijana wa Batwa wa miaka 16 hivi, mwepesi kama mshale, anapita watu anavyotaka. Alinipita mara mbili. Mara ya tatu nikasema hapana, leo nitamfikia. Nikamkimbiza kutoka nyuma, nikajitupa na mguu mbele kama nilivyoona watu wakifanya kwenye televisheni ya mjini. Mpira sikuugusa. Nilisikia sauti kama kijiti kikavu kikivunjika. Ulikuwa mfupa wa muundi wake.

Sasa sikilizeni kilichotokea, viongozi, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenu. Kabla mtu yeyote hajasema neno, watu waligawanyika. Hakuna aliyewaambia. Batwa walikwenda upande mmoja, Baluba upande mwingine. Ile hesabu ya moja, mbili ilifutika kwa dakika moja. Kati yao tulibaki watatu: kijana chini akilia, mimi, na yule mzee wa Batwa aliyekuwa ameanza mchezo pamoja nami.

Upande ule nikasikia: "Amefanya makusudi. Mtu mzima hawezi kucheza vibaya namna hiyo bila kutaka." Upande wetu kijana mmoja akasema polepole, nikamsikia: "Vizuri, umewaonyesha." Hilo la pili liliniumiza kuliko la kwanza. Wale waliniita adui, hilo nilitegemea. Lakini huyu alinishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya, na kama ningenyamaza, kingekuwa changu.

Wazee hapa mnakumbuka mwaka 1974, Leopards wa Zaire kule Ujerumani, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka ule ule. Kule walipigwa 9 na Yugoslavia. Halafu mechi na Brazil: Wabrazil wanataka kupiga mpira wa adhabu, wamesimama wanapanga, mara Mwepu Ilunga, mchezaji wa Mazembe, anatoka kwenye ukuta wa wenzake anakimbia anaupiga mpira yeye, mbali kabisa. Alipewa kadi ya njano, na dunia ikacheka. Miaka mingi watu walirudia kuonyesha picha ile wakisema: tazameni, Waafrika hawa hata sheria hawazijui. Baadaye sana Mwepu alieleza mwenyewe kwamba sheria alizijua vizuri. Alisema alifanya kwa makusudi, kwa hasira, kwa sababu wachezaji hawakulipwa haki yao, na baada ya zile 9 walitishwa kwamba wakipigwa vibaya na Brazil wasirudi nyumbani. Alifariki mwaka 2015, na wengine mpaka leo wanacheka.

Nilikuwa namwaza Mwepu usiku ule. Yeye alijua kucheza, watu wakasema hajui. Mimi sikujua, watu wakasema ninajua. Mtu anaona mguu tu. Kilicho moyoni anakijaza mwenyewe, na anakijaza kwa kile alichokuwa nacho tayari. Kwetu, mwaka 2019, kila mtu alikuwa na kingi cha kujaza.

Kijana alipelekwa kwanza kwenye kituo cha afya, kisha kwa moto mpaka hospitali, mimi nikalipa. Lakini kulipa hospitali hakukutosha. Asubuhi nilivuka kijito pamoja na Bwana Chefu wetu na yule mzee. Njiani Chefu alinifundisha maneno: "Sema ilikuwa ajali." Nilipofika mbele ya mama wa yule kijana, maneno hayo hayakutoka. Ningemwambiaje ajali, wakati ni mimi niliyevaa viatu vile? Nikasema: "Mama, mimi ndiye niliyemvunja mtoto wako. Sikutaka kumvunja. Nilitaka kumwonyesha kwamba na mimi ninaweza, na siwezi." Baba yake hakunitazama. Mama alikaa kimya, halafu akauliza jambo moja tu: "Nani atalima?"

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza. Kijana yule ndiye aliyekuwa jembe la nyumba. Walikuwa wamepewa kipande cha shamba katika mapatano, cha kwanza kuwa mkononi mwao wenyewe, na kisipolimwa msimu ule watu wangesema: mnaona, Batwa hawajui kulima, warudishe ardhi. Swali la mama yule lilikuwa na hayo yote ndani yake.

Nikasema: "Nitalima mimi."

Wale mnaotoka kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Kwetu Mutwa ndiye aliyekuwa analima shamba la Muluba, kwa bakuli la mihogo au kipande cha kitambaa. Muluba kulima shamba la Mutwa, mbele ya watu, bila malipo, hatukuwahi kuliona. Ndugu zangu walinikasirikia. Kaka yangu mkubwa alisema ninawaaibisha, bora nitoe mbuzi na mambo yaishe. Nilikuwa sina mbuzi, lakini hata ningekuwa naye, mbuzi asingelima.

Basi nikaenda, siku tatu kila juma. Na hapa mtacheka tena. Mimi silimi vizuri. Nimekaa kwenye kiti maisha yangu yote, nimewaambia. Matuta yangu yalikwenda kama nyoka. Siku ya pili nilijikata kidole cha mguu kwa jembe. Siku ya tatu mama yule alisimama pembeni ya shamba, akayatazama matuta, akanitazama mimi, akasema: "Fundi, unalima kama unavyocheza." Akacheka. Akamwita jirani yake aje aone, jirani akacheka. Mzee mmoja akaja, akasema maneno ambayo yalizunguka ng'ambo yote ile: "Mtu huyu hana makusudi ndani ya mwili wake. Hata akitaka kitu, hakitoki."

Hivyo ndivyo nilivyoaminiwa. Hotuba ya Chefu haikunisaidia, wala karatasi ya kamati. Waliniona nikishindwa mbele yao juma baada ya juma, wakaona kwamba ule mguu wa Jumapili ulikuwa mguu wangu wa siku zote.

Nisiwapambie habari. Baba wa kijana hakunisalimu mpaka mahindi yalipotoka, na salamu yake mpaka leo ni fupi. Mguu ulipona, lakini siku za mvua unauma. Na mtu asichukue mfano wangu akafikiri kila kosa linaishia kwenye jembe. Waliochinja watu wana mahali pao pa kujibu, na si kwenye kiwanja cha mpira. Mimi nasema juu ya yale madogo, ajali na ubishi wa kila siku, ambayo yakiachwa yanakwenda kuamsha yale makubwa.

Mpira ulisimama miezi mitatu. Tulipotaka kuanza tena tulikaa na kutengeneza sheria zetu, na nitawaambia zile zilizotusaidia. Viatu: wote wavae au wote wavue. Hakuna kumwendea mtu kutoka nyuma, hata ukiona mpira uko wazi. Hakuna zawadi. Tulisikia mahali pengine waliweka mbuzi kwa mshindi, mechi ikaisha kwa mawe. Wenye miaka zaidi ya 35 wanatembea, hawakimbii. Hii niliisikia kwa kijana mmoja wa shirika. Aliniambia kule Uingereza, katika mji wa Chesterfield, mwaka 2011 walianzisha mpira wa kutembea kwa ajili ya wazee, na sasa unachezwa sehemu nyingi. Sikuamini mpaka tulipojaribu. Ukitembea, mwili wako mzito haumvunji mtu. Na wewe uliyezoea kufika umechelewa, ghafla wenzako wote wamechelewa pamoja nawe.

Akina mama walidai saa yao, saa tisa, kabla yetu. Wanacheza kwa kelele nyingi na ugomvi kidogo. Nimeona wanaume wengi wanakuja mapema kuwatazama.

Na Bwana Chefu wetu alivua viatu akaingia. Ndugu viongozi, yeye ni mbaya kuliko mimi, na hilo si dogo. Siku ya kwanza alianguka, na mtoto mdogo wa Batwa akamcheka kwa sauti. Wote tukanyamaza, tukitazama atafanya nini. Alikaa chini kidogo, akajipangusa, akamwuliza mtoto: "Wewe ungepigaje?" Mtoto akamwonyesha. Mwezi ule ule babu wa mtoto huyo alileta kwa Chefu shauri la mpaka wa shamba, ambalo alikuwa amelificha tangu kurudi kwa sababu ya hofu. Sijui kama ni kwa ajili ya mpira. Babu mwenyewe alisema alitaka kumwona karibu yule mtu aliyefundishwa na mjukuu wake.

Sasa ninyi. Mmekuja na mitumbwi kutoka upande wa Uvira na Fizi, wengine mnakaa kwa wenyeji ambao nao hawana kitu. Nimekaa hapa siku mbili, nimesikia habari za maji, za kodi ya nyumba, za watoto waliopigana njiani. Nimesikia pia kwamba mnapanga mashindano makubwa ya vijana, wageni na wenyeji, na kombe. Ninawaomba msianze hapo. Vijana wenu wanajua mpira sana, na anayejua sana anataka kushinda, na hiyo ni haki yake. Anzeni na sisi tusiojua. Wekeni mstari, hesabuni moja, mbili, mwenyeji na mgeni mle mle. Wekeni kiongozi ndani, na mwenye tumbo, na mwalimu mwenye miwani. Akivunjika mtu, na siku moja atavunjika, aliyemvunja aende mwenyewe nyumbani kwake asubuhi yake, asitume mtu. Na kiongozi asimfundishe maneno njiani.

Mimi nipo mpaka Jumatatu. Kesho Jumapili, saa kumi, kwenye kile kiwanja cha mchanga kando ya ziwa. Nimeleta mpira, nimeushona mwenyewe. Viatu mtaviacha kwa mama anayeuza ndakala pale pembeni, ameshakubali kuvitunza.

Na yule kijana nimekuja naye. Ndiye yule pale, aliyeegemea mlango, sasa ni mwanamume wa kuoa. Nimemwuliza kesho atacheza upande gani. Anasema hatapanga mstari na hatahesabu, anataka tu kuwa ekipe moja nami, kwa sababu hapo ndipo penye usalama.